Wajina wangu: nilivyokaa mezani na kina Bahati

(Haya niliyaongea Moshi mjini mbele ya vijana wanaorekodi podikasti na wazazi waliokuja nao. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

Wazee wangu shikamooni. Wadogo zangu na rika langu, mambo vipi. Nashukuru kwa nafasi, na wale mliotoka Arusha na Coaster za alfajiri nawashukuru mara mbili, maana najua kuamka saa kumi Jumamosi siyo kitu kidogo.

Mi naitwa Bahati. Naanza na jina kwa sababu leo sina kingine cha kuongea zaidi ya jina.

Mwaka 2014 nilikuwa nimemaliza chuo nahangaika na kazi kama wengi wenu hapa, nikaomba kwenye ofisi moja, siitaji, usaili nikafanya, baada ya wiki mbili wakabandika getini karatasi ya waliochukuliwa. Ile karatasi ilikuwa na majina mawili mawili tu, la kwanza na la ukoo, na nyie mnajua koo zetu huku zilivyo, ukisimama stendi ukaita Mushi au Massawe wanageuka watu kumi, ukienda Arusha ukaita Mollel au Laizer stendi nzima inaitika. Basi nikashuka na kidole kutoka juu, namba 7 nikajikuta. Nililia pale pale getini jamani. Nikampigia mama, mama akawaambia majirani, Jumatatu nikaripoti na shati ambalo dada yangu alilinyoosha usiku kwa pasi ya mkaa. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa tano hivi, akaja mtu na faili akaniuliza jina la katikati, nikamtajia, akaangalia faili, akaniangalia, akasema siyo wewe, kuna mwingine.

Siku hizi hilo ni gumu kutokea kwa sababu kila mtu anaombwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, na zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, so hata mfanane majina yote matatu namba inawatenganisha. Wakati ule hatukuwa nayo. Nikarudi nyumbani nimelivua shati nimelishika mkononi, na kwa muda mrefu kabisa, miaka, nilikuwa na kinyongo na mtu ambaye sijawahi kumuona, kosa lake ni kuitwa kama mimi.

Sasa 2022 mimi na rafiki yangu tukaanza podikasti. Tumepanga chumba kule Soweto, juu ya duka la makava ya simu, ukutani tumepigilia mablanketi ili sauti isirudi, dirisha tumeliziba na godoro, na bado bodaboda zinaingia kwenye maiki, adhana inaingia, kengele inaingia, tukaacha tu kwa sababu ndo Moshi yenyewe. Mwanzo tulifanya kama wanavyofanya wengine wote, unatafuta mtu mwenye cheo, mwenye kampuni, mwenye wafuasi wengi, unamuuliza umefikaje hapo. Baada ya vipindi kama ishirini nikaona kitu kimoja kinanichosha, majibu yanafanana. Watu walikuwa wanaleta hadithi ambayo wameshaisema mahali pengine mara kumi.

Ndo nikamwambia mwenzangu, hebu tutafute wajina. Tusitafute mashujaa wala matajiri, tutafute watu wanaoitwa Bahati tu, yeyote, na swali la kwanza liwe moja, nani alikuita hivyo na siku hiyo nyumbani kulikuwa na nini.

Hili jina ni pana kuliko nilivyodhani. Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, bakht, limevuka bahari likatua pwani likapanda mpaka huku milimani. Mwanaume anaitwa, mwanamke anaitwa, Mkristo na Muislamu wote wanalo. Hapa kwetu yupo Bahati Bukuku anaimba injili, Kenya yupo Bahati mwanamuziki ambaye 2022 aligombea ubunge Mathare akakosa, Kongo yupo Modeste Bahati Lukwebo aliyeingia kuongoza Seneti 2021. Nakuru kuna jimbo zima la uchaguzi linaitwa Bahati. Nikasema kama limeenea hivi, huku Moshi na Arusha siwezi kukosa watu sita. Tukaweka tangazo, tukaambia watu wa bodaboda, dada yangu akasema kanisani, mwenzangu akasema msikitini. Wakaja.

Wa kwanza ni kijana wa Rau, ni mgumu, huku ndo tunavyowaita wapagazi, kazi yake kubeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro. Nikamuuliza umezaliwa wapi akasema Arusha, nikamwambia kumbe we ni wa kule, akasema hapana kaka, Arusha Chini. Kwa wageni wetu ambao hamjui, Arusha Chini haiko Arusha, iko hapa Moshi kwenye miwa ya TPC, kile kiwanda cha sukari, na Waarusha wenyewe wanasimulia kwamba wazee wao walitoka huko tambarare wakahamia chini ya Mlima Meru kwenye karne ya 19. So hata miji ina wajina. Baba yake alitoka Shinyanga kuja kukata miwa, mama yake pia ni Msukuma, na wao mapacha wana majina yao tayari, anayetangulia ni Kulwa anayefuata ni Doto, huna haja ya kufikiri. Huyu alizaliwa wa pili. Kulwa wake akafariki usiku ule ule. Asubuhi bibi akakataa asiitwe Doto, akasema ukimwita huyu Doto kila siku utakuwa unamuita na mwenzake ambaye hayupo, mama yake atakuwa anasikia majina mawili kila akiita moja. Ndo akawa Bahati.

Aliongea hayo ameinamisha kichwa, shingoni kuna alama, ngozi imekakamaa pale mzigo unapokaa, maana begi anaweka kichwani na shingoni, chini yake anaviringisha kipande cha kanga ya mama yake. Akatueleza getini Machame mzigo unapimwa kwenye mizani usizidi kilo 20, halafu juu yake unabeba na vyako mwenyewe. Na waongozaji wanampenda kwa ajili ya jina, asubuhi mgeni akiwa na wasiwasi wanamwambia mshike huyu mkono, huyu ndo Bahati. Amepanda zaidi ya mara tisini. Nikamuuliza kilele cha Uhuru kukoje kule juu, mita 5,895. Akasema sijui kaka, sisi tunaishia kambi ya Barafu, kule wanaenda wageni na waongozaji wao, sisi tunabaki kulinda mahema na kuchemsha maji wakirudi. Mara tisini huyo mtu kashikwa mkono wa bahati na kilele chenyewe hajawahi kukikanyaga. Nilizima maiki kidogo, nikashindwa kuendelea.

Wa pili ni dada wa Ngaramtoni, ni mkunga, kaja na yunifomu kwa sababu ametoka zamu ya usiku akapanda gari moja kwa moja. Wao ni wasichana wanne na yeye ndo wa nne, baba alikuwa anangoja mtoto wa kiume. Alipoambiwa ni wa kike tena alikaa kimya, halafu akasema haya, ndo bahati yangu hiyo. Shangazi yake aliyekuwepo akalichukua kama jina, likaandikwa. Dada wa watu kakua anajua ameitwa hivyo kwa mapenzi, akaja kuambiwa ukweli ana miaka 19, na huyo huyo shangazi. Nikamuuliza uliumia? Akasema niliumia mwaka mzima, halafu nikajiuliza, baba alilisema mara moja kwa uchungu, mama kaliita kila siku kwa upendo, sasa hapo jina langu ni lipi, lile la mara moja au lile la kila siku? Sikuwa na jibu. Na nyie msijifanye mnalo.

Kuna kitu alikielezea huyu dada ningependa mkisikie vizuri, hasa nyie mnaofikiri jina ni kitu cha kuzaliwa nacho. Mtoto akitoka anafungwa kiganjani kipande cha plasta kimeandikwa kwa peni, na hakiandikwi jina lake maana hana, kinaandikwa Mtoto wa fulani. Kwa masaa yale ya mwanzo mtu hana jina, ana mama tu. Na usiku ambao wodini wameingia kina mama wawili majina yanafanana, yeye haridhiki na majina mawili, anaandika la tatu, anaandika kijiji, na pembeni anaandika rangi ya kanga aliyokuja nayo mama, ya njano yenye maua, ya bluu, ili hata umeme ukikatika mtu ashike tochi na aone. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alifanya kwa sababu yeye mwenyewe darasa la tano walikuwa kina Bahati watatu na kila siku alikuwa anachapwa viboko vya mwenzake. Nilimwambia dada, mimi ningekutana na wewe pale getini 2014 maisha yangu yangekuwa mengine.

Walikuja na wawili wengine, mwanafunzi wa hapa Chuo cha Ushirika na dereva wa bodaboda wa Sakina, wote vijana wazuri, wameongea vizuri, lakini wale wameitwa majina ya babu zao na hadithi ikaishia hapo, babu aliitwa Bahati basi. Kwetu Wachagga hiyo ndo kawaida, wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu mzaa baba, na ni heshima kubwa, siidharau.

Mzee Bahati wa Majengo alikuja na mjukuu wake kamshika mkono, ngazi zetu ni nyembamba. Mzee wa kanzu, sauti ya chini, kila swali anaanza na alhamdulillahi. Baba yake alipata kibarua reli wiki aliyozaliwa, akaitwa hivyo, naye akakua akaingia reli, na treni ya abiria ilipokufa miaka ya tisini akabaki na ujuzi ambao hauna pa kwenda. Alifuga kuku, akauza mkaa. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar iliporudi Moshi baada ya zaidi ya miaka ishirini, akaamka akavaa kanzu ya Idi, akaenda stesheni mapema sana, na kuna kitu alikuwa amekibeba kwenye taulo. Akakileta na kwetu. Akalifungua lile taulo mezani taratibu, ni taa ya ishara, ile ya zamani ya chuma, ndani ina kioo cha kijani na kioo chekundu, unazungusha shingo yake rangi inabadilika. Imefutwa mafuta, haina hata tone la kutu. Akazungusha, na kwenye maiki ikasikika, ta. Akazungusha tena, ta. Akasema huu mlio watoto wa reli wote walikuwa wanaujua, ukiusikia usiku ujue baba yuko kazini.

Nikamuuliza mzee, siku ile stesheni uliitumia? Akasema hapana mwanangu, sikuitwa. Nilisimama nayo tu, treni ikaingia, nikaiwasha ya kijani nikiwa nimeishika hapa chini kwenye goti, nadhani hakuna aliyeiona. Mwaka uliofuata treni ikaendelea mpaka Arusha, akapanda na mjukuu wake, kwenda na kurudi, hakuwa na shughuli yoyote Arusha.

Kile kipindi cha mzee ndo watu wamekisikiliza kuliko vyote tulivyowahi kutoa, na hamna cheo humo, hamna siri ya mafanikio. Kwa hiyo nawaomba nyie mnaoanza, mnaonipigia kila wiki kuniuliza nimlete nani, acheni kuwakimbilia wale wale wanane wanaozunguka kila kipindi. Chukua hata jina moja la mtaani kwako, Tumaini, Neema, Shida, Mashaka, kaa na watu watano wanaoitwa hivyo, uliza nani alikuita. Utapata watu ambao hakuna mtu amewahi kuwawekea maiki. Yule mgumu aliniambia hajawahi kuulizwa swali lolote na mtu ambaye hataki abebewe kitu.

Nimebakiza mmoja, na huyu ndo aliyenifanya nikubali kuja hapa leo.

Dada Bahati anauza mitumba Kiboriloni. Tulimfuata kule kule kwa sababu alikuwa na belo jipya na siku ya kufungua belo huwezi kumtoa mtu kwenye meza yake. Belo limefungwa kama jiwe, linakatwa zile kamba, nguo zinafumuka, na ndani ya dakika kumi za kwanza ndo unajua kama umepata au hela imekufa, maana umelinunua hujaona ndani. Wenzake wamemzunguka wanasema leo Bahati, leo Bahati. Anainua magauni moja moja anayatazama kwapani, anatazama zipu, hili la elfu tano, hili la buku, hili matambara. Mimi nimesimama na kirekodi nangoja. Lilikuwa belo la kawaida tu, siyo zuri siyo baya. Alipomaliza kupanga akakaa juu ya gunia akanywa maji, nikamuuliza swali letu, dada nani alikuita Bahati na siku hiyo kulikuwa na nini.

Akasema sijui.

Nikangoja, nikadhani anafikiri. Akasema sijui kabisa kaka, mama alifariki nina miaka miwili, baba simjui, bibi aliyenilea alikuwa mama wa baba yangu mdogo, alinichukua tayari naitwa hivi. Aliyekuwa anajua ameshaondoka. Mimi nimepewa kitu na mtu na sijui alikuwa anamaanisha nini. Halafu mteja akaja, akanyanyuka.

Nilitoka pale sikwenda Soweto, nikapanda gari la Uru nikaenda kwa mama. Nina miaka zaidi ya thelathini, nimewauliza watu baki majina yao, na mama yangu mwenyewe sijawahi kumuuliza, nilishajijibu tangu utoto kwamba ni bahati tu, kuna nini cha kuuliza. Nikamkuta kihambani, kwenye shamba la pale nyumbani, anakata majani ya ng'ombe. Nikamsaidia kubeba. Nikamuuliza.

Akacheka kwanza. Akasema wewe umeitwa jina la mtu.

Masika ya 1991, uchungu umemshika usiku, kule juu hakuna gari, wanaume wanne wa ukoo wakamlaza kwenye machela wakaanza kushuka kwa miguu kwenye tope. Katikati ya njia wakakuta lori limekwama, limejaa mikungu ya ndizi inapelekwa soko la mjini. Wakasaidiana kusukuma likatoka. Dereva akasema nafasi hamna. Utingo wake, kijana tu, hakumjibu dereva, akapanda juu akaanza kushusha mikungu mmoja mmoja akaipanga kando ya njia kwenye mvua, akatandika majani ya migomba, akavua sweta lake akaliweka pale kichwa kitakapolala. Mama anasema njia nzima yule kijana alipiga magoti nyuma yake, ameweka mikono yake miwili kati ya mgongo wa mama na ubao wa lori, kila shimo vidole vyake ndo vinapigwa. Walipofika chini mama akamuuliza kijana unaitwa nani. Akasema Bahati mama. Akageuka na lori kurudi kwenye ndizi zao kabla hazijaibiwa. Mimi nimezaliwa kabla hakujakucha. Nikarudishwa nyumbani nimefungwa kwenye lile sweta, jekundu, kiwiko cha kushoto kimetoboka, na wadogo zangu wakaja kulivaa wote mpaka likaisha.

Kwa Kiswahili huyo ni somo wangu, yaani mtu niliyeitwa jina lake. Miaka nane nimemnunia Bahati mmoja kwa ajili ya karatasi ya getini, kumbe kuna Bahati mwingine nimembeba mwili mzima na sikujua.

Mama anakumbuka kwamba hakuwa Mchagga, aliongea Kiswahili cha watu wa Tanga, mrefu, sauti nyembamba. Alidhani ana kama miaka ishirini, kwa hiyo leo atakuwa kwenye hamsini na kitu. Wazee mliopo hapa, na hasa mliokuwa na magari ya ndizi njia ya Uru miaka ile, au mlikuwa mnapokea mzigo sokoni, kama mnamkumbuka utingo wa hivyo, nitakuwa pale mlangoni mpaka mtu wa mwisho atoke. Na wewe kijana kama baba yako au mjomba wako anaitwa Bahati na aliwahi kukaa Moshi, ukifika nyumbani muulize kuhusu sweta jekundu. Mwambie halipo tena, ila mtoto yupo na mama yupo, na mama anataka kuiona mikono yake.